Kumsemesha Shetani

Kazi kubwa ya mganga wa mashetani ni mazungumzo. Huko Kanga, kaskazini mwa Kisiwa cha Mafia, kama kwingine pwani, ubani huchomwa, ngoma hupigwa, na shetani akishapanda kichwani, mgonjwa huitwa kiti. Anayesema ni mwingine. Ufundi huanzia hapo. Mganga humwamkia mgeni kwa heshima, humwuliza jina, kwao wapi, ameudhiwa na nini, anataka nini. Akinyamaza hubembelezwa. Akidai makubwa huombwa apunguze, na jamaa waliokaa kando wanasikia kila neno. Mke asiyethubutu kumlaumu mumewe hulaumu kwa kinywa cha shetani, na mume hukubali bila kufedheheka, maana aliyemsema si mkewe.

Kuna pia kombe. Aya za Kurani huandikwa kwa zafarani ndani ya sahani nyeupe, huoshwa kwa marashi, na mgonjwa hunywa.

Pat Caplan, mwanaanthropolojia aliyeanza utafiti wake Mafia mwaka 1965, hakuyapuuza mambo haya. Kitabu chake cha 1997, African Voices, African Lives, kimewaachia wanakijiji wenyewe wasimulie. Kuyaita upuuzi ni rahisi mno. Mwaka 2010 Ted Kaptchuk na wenzake huko Marekani walichapisha jaribio la wagonjwa 80 wa tumbo: waliopewa vidonge, wakaambiwa waziwazi kuwa havina dawa na kuelezwa kwa nini huenda vikafaa, walipata nafuu zaidi kuliko wasiopewa kitu. Vidonge vilikuwa vitupu, maelezo hayakuwa matupu. Malaria, bila shaka, haisikii maelezo.

Ulimi huo huo unaoponya huweza kuua. Ramli chonganishi humtajia mgonjwa jirani yake kuwa ndiye mchawi, na Usukumani vikongwe wameuawa kwa tuhuma za namna hiyo. Hapo ndipo ubora wa fundi wa mashetani unapoonekana: lawama huwekwa kwa asiye na nyumba ya kuchomwa moto. Tena mara nyingi shetani hafukuzwi. Huahidiwa chake, sadaka au ngoma, na siku ya ahadi ikifika watu hukusanyika kuitimiza. Ahadi ikisahaulika, maradhi hurudi, na mganga huanza tena kwa salamu.