Mwandishi Wetu Aliyeko Bujumbura

Mjomba alikuwa akianika betri za redio juu ya bati tangu asubuhi ili zipate moto wa kutufikisha jioni. Baridi ya Dongobesh ikishaingia, tulijikunyata karibu na mafiga, Dira ya Dunia ya BBC ikaanza, naye akatunyamazisha kwa kidole. Wengine walisubiri mpira. Yeye alisubiri yale maneno: "mwandishi wetu aliyeko Bujumbura".

Nilidhani huyo aliyeko ni Mzungu mwenye gari na mkalimani. Kumbe mara nyingi ni mwenyeji, watoto wake wanasoma hapohapo, mkaa ananunua kwa jirani. Mgeni akiikera serikali hufutiwa kibali, akapandishwa ndege. Mwenyeji atarudishwa wapi? Agosti 2, 2015, Esdras Ndikumana, Mrundi aliyeripotia vyombo vya habari vya Ufaransa, RFI na AFP, alifika mahali alipouawa Jenerali Adolphe Nshimirimana, mkuu wa zamani wa ujasusi. Watu wa usalama wakamkamata, wakampiga vibaya. Hapa kwetu, Erick Kabendera, aliyeandikia The Economist na The Guardian, alichukuliwa nyumbani kwake Dar es Salaam Julai 2019. Kwanza akahojiwa uraia wake. Kisha yakaja mashtaka ya uhujumu uchumi, likiwemo la utakatishaji fedha, lile lisilo na dhamana. Mama yake alifariki Desemba, mwana yuko rumande, na hakuruhusiwa kwenda kumzika. Alitoka Februari 2020.

Ushujaa wa watu hawa una wa kuusifu. Mimi kinachonivutia ni ufundi wao, na ufundi huo umo zaidi katika kile wanachokiacha. Sisi waandishi wa makala tukikutana na mama muuza vitumbua tutataja kitenge chake, kovu la mkononi, kibanda chake nyuma ya msikiti. Mwandishi wa nchi ya hofu anasema tu "mkazi mmoja wa mji huu", kwa kuwa usalama nao wana redio. Anajua kovu lile ni anwani. Analimeza, na habari inabaki imesimama.

Halafu kuna kupanga maneno: nimeona, nimeambiwa na aliyeona, inasemekana. Kijijini tunayachanganya yote chungu kimoja. Yeye, kwa dakika moja na nusu, kila moja analiweka kwenye kibuyu chake. Mjomba alifurahi zaidi aliposikia "sikuweza kuthibitisha". Alicheka, akapiga goti kwa kiganja, kama mtu aliyerudishiwa chenji kamili.

Desemba 3, 2023, matope ya Mlima Hanang yaliposhuka Katesh na Gendabi, simu zilikesha zikilia. Mmoja ananiambia maiti ishirini, mwingine mia tatu. Nikampigia mjomba, sasa sikio moja limekufa, nikaanza kumhesabia. Akanikatiza.

"Umeona?"

"Nimeambiwa, mjomba."

"Na nani?"