Shoka Katika Dohani: Filamu za Kutisha za Sikukuu na Mabango Yake

Kila mwaka, kuanzia mwisho wa Oktoba mpaka Bonane, vijana wetu hupeana flashi zilizojaa filamu za kutisha, na vibanda vya video huandika kwa chaki juu ya ubao: "Leo usiku, ya kuogofya kweli kweli." Na kila mwaka wazee wanauliza swali lile lile: sisi tuliokimbia panga na risasi, tunatafuta nini tena kwa mtu anayekimbiza watu na kisu kwenye televisheni? Swali hilo si la kuchekwa. Ukimjibu mtu kwa kusema "mzee, ni mchezo tu," bado hujamjibu.

Nataka kulijibu kwa kupitia filamu nne za zamani ambazo watu huzitazama sana wakati wa sikukuu, pamoja na mabango yake, au afishi kama tunavyosema sisi wa Kivu. Kila mara naanza na bango, kwa sababu bango ndilo linaloahidi. Filamu inakuja baadaye kulipa lile deni, au kukudhulumu. Na kipimo changu ni kimoja: filamu inamtendeaje mtu aliyeona? Yaani yule aliyeona ubaya kwa macho yake, akabaki hai, akajaribu kusema.

Kwanza tukubaliane kwamba woga na sikukuu ni marafiki wa siku nyingi. Hadithi ya Charles Dickens ya mzee bahili anayetembelewa na mizuka usiku wa Noeli ilitoka London mwaka 1843, na Waingereza walikuwa wakisimuliana habari za mizimu kando ya moto wa Disemba kabla ya hapo. Kwetu pia hadithi za mazimwi zilikuwa za usiku, watu wote wakiwa wamekusanyika. Sababu haiko mbali. Sikukuu hufungua mlango. Wageni wanaingia, watoto wanalala hovyo kwa wajomba, mlinzi anakunywa kidogo. Mwenye nia mbaya anajua hivyo, na mtunga filamu naye anajua.

Tuanze na Black Christmas, filamu ya Kanada ya mwaka 1974 iliyoongozwa na Bob Clark. Ni hosteli ya wasichana wa chuo, siku chache kabla ya Noeli, wengi wanajiandaa kurudi kwao. Simu inalia, mtu anapiga kelele za kichaa na matusi. Mwishoni polisi wanagundua kwamba simu hizo zinapigwa kutoka ndani ya nyumba ile ile. Bango lake limechukua shada la majani mabichi, lile ambalo watu wa huko hutundika mlangoni kumkaribisha mgeni, na katikati ya shada kuna uso wa msichana aliyefunikwa mfuko wa plastiki. Kitu cha kukaribisha kimegeuka fremu ya picha ya marehemu. Ukiliangalia bango hilo kwa makini, umeshaambiwa habari yote: hatari haiji kutoka nje, imeshakaribishwa.

Lakini kinachonishika mimi katika filamu hii ni kaunta ya polisi. Msichana wa kwanza anapopotea, wenzake wanakwenda kutoa taarifa, na polisi wa zamu anawachukulia kama watoto wasumbufu. Huyo msichana atakuwa na bwana yake mahali, anawaambia kwa maneno yake. Nani kati yetu hajasimama mbele ya meza ya namna hiyo, akaeleza jambo zito, akaona mtu anaandika nusu nusu huku akicheka na mwenzake? Filamu inakaa upande wa wanaotoa taarifa. Haituonyeshi hata sura ya muuaji vizuri, wala haituelezi alitoka wapi. Inapokwisha, watu wa usalama wanaamini kazi imekwisha, na simu inaanza kulia tena. Mwisho wa namna hiyo unakera, lakini haukudanganyi.

Miaka 4 baadaye, mwaka 1978, ikaja Halloween ya John Carpenter. Halloween ni usiku wa tarehe 31 Oktoba, mkesha wa Watakatifu Wote. Wamarekani huchonga boga, wakalitoboa macho na meno, wakaweka mshumaa ndani, na watoto huvaa vinyago wakipita nyumba kwa nyumba kuomba pipi. Filamu ilitengenezwa kwa dola kama 300,000 tu, pesa ndogo kwa watu wa sinema, ikaingiza zaidi ya milioni 40 Marekani peke yake. Umaskini wake unaonekana ukiujua: kinyago cha muuaji kilikuwa cha dukani, kimetengenezwa kwa sura ya kapteni wa Star Trek, wakakipaka rangi nyeupe. Wakapata uso usio na mtu ndani yake.

Bango lilichorwa na Bob Gleason. Giza tupu, na katikati boga la rangi ya chungwa lenye macho ya moto. Upande mmoja wa boga, ile mikunjo ya ganda inageuka kuwa vifundo vya vidole, vidole vimeshika kisu, na kisu kinaelekea chini. Huwezi kusema boga linaishia wapi na mkono unaanzia wapi. Hakuna damu, hakuna maiti, hakuna msichana anayelia. Chini yake kuna maneno yanayosema kwamba huu ndio usiku aliporudi nyumbani. Sasa hebu fikiri sisi tunavyolisikia neno hilo. Kurudi nyumbani ni dua yetu ya kila siku, tunaliimba kanisani, tunaliandika kwenye fomu. Hapa ni tishio. Michael Myers alimuua dada yake akiwa na miaka 6, akafungwa hospitali ya wagonjwa wa akili miaka 15, na sasa amerudi mtaani kwao. Wengine wetu wanalijua hilo pia: kuna watu ambao kurudi kwao ndiko kulikotufanya sisi tuondoke.

Katika filamu hii mtu aliyeona ni mtoto, anaitwa Tommy. Anachungulia dirishani, anamwona zimwi amesimama ng'ambo ya barabara. Anamwambia Laurie, dada anayemlea usiku ule, ambaye amechezwa na Jamie Lee Curtis. Laurie anamwambia hakuna kitu, ni woga wa sikukuu tu. Kumbe mtoto alikuwa anasema kweli. Filamu inamheshimu: mwishoni Laurie mwenyewe anakubali kwamba lile lilikuwa zimwi, na kabla ya hapo amehakikisha watoto wametoka nje salama wakati yeye amebaki ndani.

Kuna tukio jingine fupi ambalo vijana kibandani huwa wanalipita wakizungumza. Laurie amejeruhiwa, anakimbia, anagonga nyumba ya jirani akilia aokolewe. Taa inawaka. Mtu anachungulia kwenye pazia. Kisha taa inazimwa. Hakuna kisu katika tukio hilo, hakuna hata muziki wa kustua, na kwangu mimi ndilo linalotisha kuliko yote. Mwandishi wa filamu hakuwahi kuishi Masisi wala Bujumbura, ila aliijua ile taa.

Mwaka 1984 ndio ulioleta ugomvi, na ugomvi ulihusu mabango na matangazo. Mwezi wa Juni ilitoka Gremlins ya Joe Dante. Bango lilichorwa na John Alvin: kijana amevaa suruali ya jinzi, ameshika sanduku, kifuniko kimefunguka kidogo, na vimikono viwili vya manyoya vinachungulia. Ukiona unasema zawadi nzuri ya mtoto. Filamu yenyewe ni ya kijidude kipole kinachoitwa Gizmo. Hakitaki mwanga mkali, hakitaki maji, na hakilishwi baada ya saa sita usiku. Masharti yanavunjwa, yanazaliwa majitu yanayobomoa mji mzima usiku wa Noeli. Wazazi walipeleka watoto wadogo kwa sababu ya bango, watoto wakatoka wanalia. Malalamiko juu ya filamu hii, pamoja na ile ya Indiana Jones ya mwaka huo huo, yakafanya Marekani ianzishe mwezi wa Julai daraja jipya la kuwaonya wazazi wenye watoto walio chini ya miaka 13.

Bango lilificha, hilo nakubali ni kosa. Ila ndani ya filamu kuna heshima kubwa. Msichana mmoja, Kate, haipendi Noeli, na watu wanamshangaa. Katikati ya vurugu anaeleza sababu: alipokuwa mtoto, baba yake alipotea mkesha wa Noeli. Baada ya siku kadhaa wakamkuta katika dohani, lile bomba la kutolea moshi juu ya paa. Alikuwa amevaa nguo za Papa Noeli, na zawadi mkononi, akateleza akavunjika shingo. Wakubwa wa studio hawakulipenda tukio hilo, wakataka litolewe, Dante akalibakiza. Alifanya vizuri. Kate anasema, tunamsikiliza, kisha anaendelea kupigana na kuwasaidia wenzake. Ana huzuni ya sikukuu na bado ni mtu mzima, mwenye akili na kazi. Hapa kwetu tunao akina Kate wengi. Mwaka mpya ukifika wanajifungia ndani, na sisi tunasema wanaringa.

Mwezi wa Novemba mwaka ule ule ikatoka Silent Night, Deadly Night ya Charles Sellier. Bango lake: paa lenye theluji, dohani, na kutoka kwenye dohani unatokea mkono wa Papa Noeli, ule wa nguo nyekundu na manyoya meupe, umeshika shoka. Wazazi wa Marekani waliona matangazo kwenye televisheni, wakaandamana. Wahakiki Gene Siskel na Roger Ebert waliilaani, na Siskel akasoma majina ya watengenezaji hewani ili waone haya. Kampuni ya TriStar ikasimamisha matangazo, kisha ikaitoa filamu sinemani.

Mimi nasema walikasirikia kitu ambacho hakikuwa na kosa. Bango lile halidanganyi mtu. Linasema Papa Noeli ana shoka, ukiingia unamkuta ana shoka. Mzazi akiliona anajua la kufanya. Ukilinganisha na sanduku la Gremlins, shoka ndilo lililokuwa na adabu.

Kosa liko ndani, na kelele zile hazikulifikia. Billy ana miaka 5 anapoona baba na mama yake wakiuawa njiani na mtu aliyevaa kama Papa Noeli. Anapelekwa kituo cha yatima cha masista. Mtawa mkuu anaamini fimbo ndiyo dawa, anamkalisha kwa nguvu juu ya magoti ya Papa Noeli. Sista Margaret peke yake anasema mtoto huyu ameumia, tumwendee taratibu, na hasikilizwi. Mpaka hapo filamu inasema kweli kabisa. Kisha Billy anakua, anapata kazi kwenye duka la vitu vya kuchezea, tajiri anamvalisha nguo za Papa Noeli, na kijana anageuka muuaji wa shoka. Mwishoni mdogo wake, aliyeona naye, anaangalia kwa jicho la ubaya, tukaambiwa kimya kimya kwamba na huyu zamu yake inakuja.

Hapo ndipo ninaposimama. Filamu inasema mtoto aliyeona wazazi wake wakiuawa ni shoka linalongoja. Maneno hayo tumeyasikia bila filamu: kwamba watoto wa vita wana damu ya vita, waangalieni vizuri hawa, wasije wakatuletea. Sisi tunawajua hawa watoto. Wanafundisha shule ya msingi, wanatengeneza simu, wanalea wadogo zao, na usiku wengine wanapiga kelele usingizini na asubuhi wanakwenda kazini. Papa Noeli alipata watetezi mabarabarani. Billy alistahili hata mmoja.

Basi nawajibu wazee hivi. Asiyetaka kutazama asitazame, hana deni na mtu. Lakini anayetazama Halloween au Black Christmas anaweza kukuta humo kitu ambacho ofisi nyingi zilimnyima: hadithi inayomwamini aliyeona tangu mwanzo mpaka mwisho. Gremlins tazameni na watoto wakubwa, na mkubwa mmoja awepo. Ile ya shoka, ukiitazama, itazame na watu wa kubishana nao.

Na vibanda vyetu vina kazi. Ubao wa chaki haumwambii mama kitu. Siku ya sikukuu watoto wana sarafu mfukoni na wanaingia popote. Huko Ghana, miaka ya 1980 na 1990, watu waliozunguka vijijini na televisheni, deki na jenereta waliwapa mafundi kazi ya kuchora mabango kwa mkono juu ya magunia ya unga. Mara nyingi mchoraji hakuwa ameiona filamu, akaongeza nyoka na vichwa ambavyo havimo, na leo mabango hayo yananunuliwa na wakusanyaji wa Ulaya na Marekani. Magunia ya unga hapa tunayo, na vijana wanaoandika mabango ya saluni na maduka tunao. Wachore. Waweke kisu kama filamu ina kisu, mzazi ajue kabla ya kulipa.

Na pembeni, mahali ambapo Gleason na wenzake hawakuchora mtu, wamchore yule mtoto dirishani.