Bibi Taratibu na Mipaka ya Nasaba: Kuisoma The Gunny Sack kutoka Crescent Town

Crescent Town ni mtaa wa majengo marefu ya makazi mashariki mwa Toronto, karibu na kituo cha treni cha Victoria Park. Majengo hayo yalisimamishwa takriban mwaka 1970 katika ardhi iliyokuwa sehemu ya shamba la Dentonia, mali ya Walter Massey, mtu wa ukoo uliotajirika kwa viwanda vya zana za kilimo. Jina la shamba lilitokana na Denton, ukoo wa mkewe Susan. Jina la mtaa lilitokana na shule ya wavulana iliyohamia hapo mwaka 1933. Leo wakazi wengi ni wahamiaji na watoto wao, nao hupita kila siku kando ya bustani inayoitwa Dentonia. Ukoo wa mke wa tajiri umebaki katika ramani ya jiji.

Msomaji wa Kiswahili anayeishi hapo, akitaka kujua bibi zake walikuwa nani, atakuta nyaraka nyingi zisizomhusu. Sensa ya Kanada ya mwaka 1931, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2023, ni hazina kwa wale ambao wazee wao walikuwa wamekwisha kufika. Familia zilizotoka Dar es Salaam, Unguja au Kampala miongo kadhaa baadaye hazina budi kuvuka bahari kurudi nyuma. Utafutaji wa namna hiyo ndio kiini cha The Gunny Sack (1989), riwaya ya kwanza ya M.G. Vassanji, mzaliwa wa Nairobi aliyekulia Dar es Salaam na kufanya Toronto maskani yake. Riwaya yake ya pili, No New Land (1991), inasawiri familia ya Dar es Salaam katika maghorofa ya Don Mills, si mbali na Crescent Town. Hata hivyo, ile ya kwanza ndiyo inayouliza swali zito zaidi: kumbukumbu za ukoo humhifadhi nani, na humwacha nani?

Msimulizi, Salim Juma, anarithishwa gunia na Ji Bai, bibi wa ukoo wake. Ndani yake mna masalio ya familia, vikiwemo vitabu vya Dhanji Govindji, babu wa babaye, aliyetoka Gujarati akafika Unguja, kisha akafanya biashara Matamu. Huko alizaa mtoto, Huseni, na mtumwa aliyeitwa Bibi Taratibu. Baadaye akaoa mke mwingine. Huseni alipotoweka, baba alimtafuta kwa miaka, akatumia hata fedha za jumuiya alizokabidhiwa. Ukoo wa Salim unapitia kwa Huseni huyo, na kwa hiyo kwa Taratibu.

Msomaji wa Kiingereza huona hapo jina geni tu. Msomaji wa Kiswahili husikia zaidi: taratibu ni upole, ni kutofanya haraka. Jina la namna hiyo humweleza mtumwa kwa mwenendo unaompendeza bwana, bila kutaja baba, kabila wala kijiji. Anayefuatilia nasaba kwa njia ya majina hufika kwa Taratibu akakwama, kwa sababu jina lenyewe ndilo lililofunga njia.

Sheria nazo ziliacha mwanya huohuo. Amri ya mwaka 1897 iliyoondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja iliweka fidia kwa mabwana, na masuria hawakuingizwa katika uhuru huo hadi mwaka 1909. Bara, chini ya Wajerumani, mambo yalikwenda polepole zaidi; utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, wakati wa Waingereza. Mahali ambapo karatasi ziliandikwa kwa sababu ya mali na malipo, mwenye mali ndiye aliyeonekana kwanza. Daftari la duka na jalada la serikali vina mantiki moja.

Uaminifu wa Vassanji umo katika kukataa kuuziba mwanya huo. Salim analiuliza gunia maswali juu ya Taratibu, na gunia halijibu. Msimamo huu una uzito wa pekee pwani, ambako nasaba nyingi zimeandikwa kuthibitisha heshima na haki ya kutawala, na ambako asili ya Shirazi au Uarabuni imewahi kuwa mtaji wa kijamii. Mwandishi angeweza kumpa Taratibu baba mtukufu na safari ya kusisimua. Angefanya hivyo, angemrudisha katika kazi aliyopewa na mabwana: kuwapa wengine wanachokihitaji.

Lakini riwaya hiyohiyo ina doa, nalo liko katika muundo wake. Sehemu zake tatu zina majina ya wanawake: Ji Bai, Kulsum na Amina. Uteuzi huo unamfanya mwanamke kuwa mlango wa kumbukumbu, jambo la kusifiwa katika masimulizi ya ukoo yaliyozoea kuhesabu akina baba. Hata hivyo, mama ambaye damu yake ya Kiafrika imo katika kila mtoto wa tawi la Huseni hana sehemu yake. Yumo ndani ya sehemu ya Ji Bai, katika kumbukumbu za nyumba iliyomweka kando. Kimya kinachotokana na kukosa ushahidi kinaheshimika; nafasi katika jedwali la yaliyomo haihitaji ushahidi. Ukurasa wenye jina lake, hata ungejaa maswali matupu, ungemtambua kama chanzo.

Somo hili linamfaa msomaji wa Crescent Town anayejaza mti wa ukoo kwa ajili ya watoto wake. Programu za nasaba huonyesha kisanduku kitupu kana kwamba ni kazi isiyokamilika, na kishawishi cha kukijaza ni kikubwa: jina la kabila lililokisiwa, au kumruka mama na kuendelea na baba. Riwaya inafundisha kwamba mtu wa namna ya Taratibu aandikwe kwa jina alilopewa, ielezwe lilitolewa na nani, na mahali pa ukoo wake paachwe wazi. Watoto watauliza kwa nini hapakujazwa, na hapo mzazi atalazimika kutaja utumwa kwa jina lake.