Gumegume Ndani ya Kopo la Biskuti

Ami yangu ana bunduki kumi na moja nyumbani kwake Makupa, na zote zaingia kwenye kopo moja la biskuti. Msipige simu polisi. Iliyo ndefu kuliko zote haizidi kidole changu cha shahada. Ni nakala ndogo za bunduki za kale, alizonunua moja moja miaka ile alipokuwa baharia. Mwezi uliopita aliniita, akazipanga juu ya mkeka, akasema: "Wewe ndiye mwandishi. Ziandikie maneno mazuri tuziuze. Zikipata bei, utarudi chuo."

Niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo. Kwa hivyo jueni mapema kwamba mhakiki huyu ana maslahi yake.

Nianze na zile kumi. Ni nzuri, sikatai. Nakshi za vitako zimetulia na mitutu yang'aa. Lakini kila moja imemiminwa kwenye kalibu ikatoka kipande kimoja. Gusa kifyatulio, hakitikisiki. Vuta mshindilio, umegandana na mtutu. Aliyezitengeneza aliitazama bunduki kwa nje tu. Ulaya ya karne ya 19 ilikuwa na vibastola vya milimita 2, vya kuning'inizwa kwenye mnyororo wa saa, na vilikuwa vyalia kweli. Hizi zimechukua urembo zikaacha mtambo. Silaha imegeuka hereni.

Nikashuka hadi Fort Jesus kulinganisha. Karibu na ngome ipo mizinga miwili ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mmoja ni wa Pegasus, meli ya Kiingereza iliyozamishwa bandarini Unguja Septemba 1914. Wa pili ni wa Königsberg, meli ya Kijerumani iliyoizamisha, ambayo nayo ilimaliziwa kwenye delta ya Rufiji Julai 1915. Watu wapiga selfi hapo wakicheka. Lakini hebu simama mbele ya mdomo wa mzinga peke yako, uone kama hutasogea kando. Ngome yenyewe ilipigwa mizinga na meli za Waingereza mwaka 1875. Uzito kama huo hauingii kwenye kopo la biskuti, na nakala ndogo isijaribu kuubeba. Inachoweza kubeba ni kazi: kitu kilifanyaje kazi, na mkononi mwa nani.

Ndiyo maana naitetea ile ya kumi na moja, gumegume. (Nilipolitaja neno hilo nyumbani, mama alinitazama mimi. Siku hizi gumegume ni mwanamume asiyefaa kitu.) Gumegume halisi ni bunduki ya jiwe: jiwe lagonga chuma, cheche zaangukia baruti. Hii ya Ami haivutii. Mti wa kitako una ufa, na nakshi hakuna hata chembe. Lakini mshindilio watoka. Ukifyatua, kijiwe chagonga kibamba cha chuma, na kibamba chainuka kufunua kisahani cha baruti, palepale cheche zinapotakiwa kuanguka. Haiwezi kulia, haina hata tundu la kupitisha moto. Ila fundi wake alijua nini chafuata nini. Nilipoichezea kwa dakika chache nikaelewa kwa nini mwenye bunduki ile alihitaji muda baina ya mlio na mlio, na kwa nini mvua ilimtia hofu. Zile kumi hazijanifundisha chochote, na nimezitazama wiki nzima.

Nikamwambia Ami ukweli. Kumi ni mapambo, na bei yake ni ya mapambo. Yenye thamani ni ile mbovu.

"Hii?"

"Hiyo, Ami."

Akaichukua, akaifuta kwa pindo la kikoi, akairudisha koponi.

"Basi hii haiuzwi."

Kumi zilizobaki zauzwa, na maelezo yake nimeyaandika bila kuongeza chumvi. Karo haijafika hata nusu.