Lutindi na Maswali kwa Watoto

Hospitali ya akili ya Lutindi, juu ya milima ya Usambara, ilianza kwa watoto. Wamisionari wa Kijerumani waliifungua mwaka 1896 iwe makao ya watoto waliookolewa kwenye biashara ya utumwa. Karibu mwaka 1904 ikageuzwa hospitali ya wagonjwa wa akili, ya kwanza Afrika Mashariki. Wakati huo fani ya kupima kiwewe cha mtoto haikuwepo.

Leo ipo, na wanaoifanya wanastahili pongezi. Katika kambi ya Nyarugusu, Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa wakimbizi kutoka Kongo, watafiti wamewahoji watoto wa familia za Burundi pia, mmoja mmoja. Maswali ya namna hii husikika mepesi. Mwezi huu umeota ndoto mbaya mara ngapi? Mlango ukibamizwa, unashtuka? Kuna njia unayokwepa kupita? Mhojaji stadi huketi kimo kimoja na mtoto, huzungumza lugha yake, na mtoto akisema basi, ni basi. Kuuliza kunahitajika kwa kuwa mara nyingine mwenye kiwewe ndiye anayetulia kabisa darasani, na mwalimu (tusimlaumu, darasa limefurika) humsifu kwa upole.

Alama za juu kwenye karatasi ya maswali hayo hazitoshi kumwita mtoto mgonjwa. Zinadai apelekwe kwa mtaalamu. Pasipo mtaalamu, kuuliza ni kumtonesha kidonda bure. Ndiyo maana naienzi Lutindi: chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) bado inatibu, na wagonjwa wenye nafuu hufanya kazi kwenye shamba lake la chai.