Imigongo ina kiolezo, agaseke haina

Mistari ya imigongo, ile nakshi ya Rwanda ya matuta ya samadi ya ng'ombe, siku hizi iko kila mahali Kigali: kwenye vigae vya hoteli, foronya za mito, kuta za mikahawa, vitenge vya soko la Kimironko. Agaseke, kile kikapu chenye kifuniko kilichochongoka, kina heshima kubwa zaidi. Kimo hata kwenye nembo ya taifa tangu 2001. Lakini nakshi zake hazijasambaa hivyo. Wengi husema ni mitindo tu. Mimi naona ni suala la ufundi: nakshi moja inakubali kuandikwa kwenye karatasi, nyingine inakataa.

Wamarekani walilipitia jambo hili mapema kwenye mifarishi ya viraka. Zamani mchoro ulipita kutoka kwa jirani hadi kwa jirani kwa kutazama kazi iliyokwisha kushonwa. Januari 1911 jarida la Ladies' Home Journal lilichapa mifarishi ya Marie Webster wa Indiana, na wasomaji wakaanza kumwagizia violezo. Kuanzia 1928 gazeti la Kansas City Star nalo likawa linachapa violezo, likaendelea hadi 1961. Iliwezekana kwa sababu mifarishi mingi hujengwa kwa miraba: ukipata mraba mmoja sahihi, uliobaki ni kurudia. Jumba la makumbusho la Whitney la New York lilipotundika mifarishi ukutani mwaka 1971 kama kazi za sanaa na hamu ya ushonaji ikarudi, michoro mingi ilikuwa tayari karatasini.

Sasa tazama imigongo inavyotengenezwa. Asili yake ni Gisaka, kusini mashariki mwa Rwanda, ambako masimulizi humtaja Kakira, mwana wa mfalme Kimenyi, kuwa ndiye aliyeanza kupamba hivyo kuta za ndani. Leo kitovu chake ni Nyakarambi, wilayani Kirehe, ambako baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 wanawake, wajane miongoni mwao, waliifufua kazi hii kwa ushirika. Haikurudi ukutani, ilirudi juu ya ubao unaoweza kuuzwa na kubebwa. Fundi huanza kwa kuchora mistari kwenye ubao. Kisha huchukua samadi mbichi ya ng'ombe iliyochanganywa na jivu, akaipanga kwa vidole kufuata mistari ile mpaka inainuka tuta. Ikikauka hupigwa msasa, ndipo rangi hufuata: nyeupe na nyekundu za udongo, na nyeusi ya utomvu wa mshubiri uliochanganywa na jivu la maganda ya ndizi. (Wengine sasa hutumia rangi ya kopo, na sioni sababu ya kuwalaumu.)

Ile hatua ya kwanza ndiyo iliyoamua mengine yote. Mchoro unaitangulia samadi. Mistari ni minyoofu, pembe zinajirudia, ubao ni bapa. Mwenye rula na picha kwenye simu anaweza kuuchukua wote bila kuchafua kidole.

Agaseke haichukuliki hivyo. Msusi hushika kifungu cha nyasi, hukizungusha kuanzia katikati ya kitako, na kila mzunguko huushona kwenye uliotangulia kwa sindano na uzi wa katani. Nakshi haichorwi popote. Inatokana na hesabu ya mishono. Akitaka mstari uende mshazari, kila mzunguko anaisogeza rangi mshono mmoja au miwili. Lakini kikapu kinapanuka, na mzunguko wa ishirini ni mrefu kuliko wa kumi. Mishono inaongezeka, naye lazima aamue papo hapo iongezeke ndani ya nyeusi au ndani ya nyeupe. Tena kifungu cha nyasi kikinenepa kidogo tu, mizunguko inapungua na mstari ule ule unabadili mwinamo. Wasusi wawili wakipewa karatasi moja watakuletea nakshi mbili.

Ndiyo maana Gahaya Links, kampuni ya Kigali iliyoanzishwa na dada wawili, Janet Nkubana na Joy Ndungutse, haikuweza kutegemea karatasi vikapu vyake vilipoingia kwenye maduka ya Macy's ya Marekani mwaka 2005. Ilitegemea watu: waliobobea wakafundisha wengine, hao nao wakafundisha vikundi vyao, mpaka wasusi wakafika maelfu. Ukitaka vikapu vifanane kwa agizo kubwa, huanzi na nakshi. Unaanza na unene wa kifungu na wa uzi. Hivyo vikiwa sawa, nakshi hujipanga yenyewe kwa kiasi kikubwa.

Kwa kipato cha fundi tofauti hii ni kubwa. Aliyenunua kiolezo cha Webster ilimbidi akae ashone, kwa hiyo karatasi iliongeza washonaji. Mchoro wa imigongo umerukia moja kwa moja kwenye mashine ya kuchapa vitambaa, wala haumhitaji mtu wa kupaka samadi. Vitenge huandikwa jina la kiwanda ukingoni. Sijaona hata kimoja cha imigongo kilichoandikwa Kirehe.

Kilichobaki mikononi mwa mafundi wa Nyakarambi ni tuta lenyewe, ambalo mashine ya kuchapa haina njia ya kuliinua. Kwenye ubao mzuri matuta yana kimo kimoja, migongo yake haijamomonyoka, na pale mistari miwili inapokutana hakuna samadi iliyofurika. Pembe hizo ndizo hula muda wa fundi. Kwa maoni yangu ndizo zingepangiwa bei, badala ya kupima urefu na upana wa ubao kama maduka mengi yafanyavyo.