Benjamin Hakupaswa Kukimbia Mara ya Pili

Tuanze na dakika za mwisho za filamu, maana ndizo zilizoiharibu kazi. Punda Benjamin anachungulia dirishani, anawaona nguruwe wakisherehekea, na sura ya kiongozi wao Napoleon inageuka ya Jones, mwenye shamba waliyemfukuza, machoni pake. Kwenye dirisha hilo hilo George Orwell alikiwekea nukta kitabu chake, Shamba la Wanyama, mwaka 1945. John Halas na Joy Batchelor, kwenye katuni yao ya kitabu hicho ya 1954, wakaiongezea hadithi mkia: Benjamin anawakusanya wanyama, nyumba inavamiwa, Napoleon anaangamia, mwisho mwema.

Habari ya fedha za CIA zilizopitia kwa mtayarishaji Louis de Rochemont inajulikana, na Orwell alikuwa kaburini tangu 1950, asingeweza kubisha. Wachambuzi wengi huishia hapo. Mimi nasema hata fedha hizo zingekuwa sadaka za parokia, kosa lingebaki lile lile, kosa la ufundi.

Tazameni Orwell anavyoishusha toni. Furaha ya kumfukuza Jones haijapoa, maziwa yametoweka. Hofu inaletwa na mbwa. Baada ya mauaji ya uani anatupeleka kilimani na farasi Clover, anayelitazama shamba machozi yakimlengalenga, asiweze kusema kilichomkaa moyoni. Hasira hamna pale, ni simanzi tupu, na simanzi hiyo ndiyo inayotuzoesha mwisho usio na faraja. Filamu imemfuta Clover kabisa! Badala yake tumepewa kifaranga cha bata cha kuchekesha.

Sasa Benjamin. Kitabuni hajali, hacheki, hashangilii, hadi gari la mchinjaji linapomchukua farasi Boxer. Siku hiyo anakimbia, anapayuka, anawasomea wenzake maandishi yaliyo ubavuni mwa gari. Kwa sura nane Orwell alikuwa amembania hasira, akaitoa yote mara moja, tena wakati umekwisha kupita. Kinachofuata hakina kelele: miaka inayoyoma, walioyakumbuka mapinduzi wanakufa, waliobaki wanazoea. Mkimrudisha mbioni mara ya pili, kifo cha Boxer kinakuwa deni lililolipwa, na mtazamaji anatoka ukumbini kama mteja aliyepewa chenji yake yote. Isitoshe, kitabuni mezani walikaa nguruwe na binadamu, na kejeli ilikuwa pale pale, kwamba hamtofautishi nani ni nani. Waliokula karamu ya filamu ni nguruwe watupu, basi adui anabaki mmoja na kumtoa kunakuwa rahisi.

Maurice Denham aliyewatolea wanyama wote sauti hana lawama, na gari la Boxer limechorwa vizuri.

Wanaodai jukwaa halivumilii mwisho mchungu wamsome mwandishi wa tamthilia Ebrahim Hussein. Katika Mashetani ya 1971, mchezo wa Shetani na Binadamu unaanza kama utani wa vijana wawili, Kitaru na Juma, kisha toni inageuka taratibu hadi Kitaru anaugua, na ufa kati yake na Juma hauzibwi kwa hotuba wala kwa ngoma. Watazamaji waliachiwa ufa huo waende nao nyumbani.

Walimu mnaowaonyesha wanafunzi filamu hii sambamba na tafsiri ya Kawegere, Shamba la Wanyama, izimeni Benjamin anapochungulia dirishani. Dakika zilizobaki si za Orwell.